Baba Yao Aliyebaki Mtumbwini

Kwenye jumuiya yetu ya kanisa kule Karatu, Injili ikishasomwa hakuna anayehubiri. Tunaisoma Injili ya Jumapili inayokuja, polepole, tunairudia, halafu tunanyamaza, halafu kila mtu anataja kwa sauti neno lililomgusa. Neno tu, au maneno mawili matatu. Ukianza kueleza, mwenyekiti anakohoa. Mimi niliipenda sana desturi hiyo kwa sababu mdomo wangu hauna breki, na pale angalau ulifungwa kwa nguvu.

Siku ninayoikumbuka, jumuiya ilikuwa kwetu. Baba alifagia uwanja mwenyewe, akatoa mabenchi, akatandika juu ya meza kitambaa alichokifuma marehemu Mama. Tulikuwa tumebaki wawili katika nyumba ile, yeye na mimi, kitinda mimba wake. Kaka zangu wako mjini, mmoja Arusha, mmoja Dar, wanatuma salamu. Injili ilikuwa ya Marko, pale Yesu anapopita kando ya ziwa na kuwaita wavuvi. Wale ndugu wawili wa mwisho walikuwa mtumbwini na baba yao, Zebedayo, wanatengeneza nyavu. Wakaitwa, wakaondoka, wakamwacha mzee mle mle na vibarua wake.

Tukanyamaza. Jirani mmoja akasema, "Nyavu." Mwingine akasema, "Kando ya ziwa." Zamu yangu ilipofika nikasema, "Wakaacha," na uso wangu ukapata moto, kwa sababu neno hilo nilikuwa nimetembea nalo muda mrefu bila kumwambia mtu. Baba alikuwa hajawahi kusema kitu kwenye jumuiya. Anakaa mwisho wa benchi, kofia magotini, zamu yake ikifika anatikisa kichwa na watu wanaendelea. Siku ile hakutikisa. Alisema, "Baba yao."

Basi. Hakuna aliyeeleza, si ndiyo desturi? Tukasali, tukaimba, watu wakanywa chai wakaenda kwao. Mimi nilibaki naosha vikombe.

Sasa niseme lililokuwa moyoni. Nilitaka kuwa sista. Wakati ule kuyatoa maneno hayo ilikuwa kazi kuliko kung'oa jino. Nilikuwa nafanya kazi kwenye loji moja nje ya mji, natandika vitanda vya watalii na kukunja taulo zikae kama bata, na jioni nikitoka napita kanisani nakaa benchi la nyuma. Siombi kitu. Nakaa tu. Watu wakisikia habari za wito wanapenda kuuliza, ulisikia sauti? Uliota ndoto? Jamani, sikusikia chochote. Ilikuwa ni njaa. Unafanya kazi zako, unacheka na wenzako, halafu unashtuka kuwa siku nzima hujala. Nikikaa kwenye lile benchi nilishiba, nikitoka nje njaa inaanza upya. Na ni njaa ya peke yako, humwambii mtu akakuelewa.

Shangazi, dada yake Baba, nilipomdokezea alicheka mpaka akashika mbavu. "Utawa na mdomo huo, wapi na wapi? Wewe mtoto unalikimbia jembe tu, sema ukweli." Nilikasirika, nikamuuliza nilime heka ngapi ndipo aridhike. Lakini maneno yake yalinikaa. Hivi kama ni kweli? Tangu Mama afariki shamba lile lilikuwa letu wawili: mahindi, mbaazi, fiwi tunazoziita ngwara, na ng'ombe wa maziwa ambao hawajui Jumapili. Nilikuwa nakamua kabla ya kwenda kazini, nikirudi nashika jembe mpaka giza. Mtu yeyote angelikimbia. Sasa ningejuaje kama ni Mungu anaita, au ni mgongo unauma?

Sista aliyewalea wasichana wanaotaka kujiunga na shirika lao alikuwa mzee, mfupi, muuguzi, mwenye maneno machache. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Baada ya mavuno njoo ukae nami kule juu, unisaidie zahanati. Kila asubuhi utasoma kipande cha Marko, peke yako, kidogo kidogo, na ujitafute humo, wewe ni nani kati ya wale. Mwaka mpya ukiingia utaniambia ndiyo au hapana. Mimi sitakuvuta wala sitakusukuma."

Nyumbani nilimwambia Baba kwamba naenda kumsaidia Sista kazi. Ilikuwa kweli, na haikuwa kweli yote. "Haya, mama," alisema. Ndivyo anavyoniita, mama, tangu nikiwa mdogo. Akanijazia kiroba cha maharage ya kula huko, akaniwekea na koti lake zito juu, akisema kule kuna baridi.

Kule juu maana yake ni Ngorongoro. Ukitoka Karatu unapita geti la hifadhi, unapanda ndani ya msitu, unaizunguka kreta, halafu magari ya watalii yanashika njia yao na wewe unaendelea upande ambao hakuna anayepiga picha. Nyumba ya Sista ilikuwa huko, ya mbao na bati, kando ya zahanati ndogo ya misheni na kanisa la kigango. Baridi yake si ya kusimuliwa. Ukungu unaingia mpaka jikoni. Nililala na soksi na lile koti la Baba, na bado meno yaligongana.

Lakini baridi unaizoea. Upweke ndio sikuuzoea. Nimezaliwa mahali ambapo ukipiga chafya, jirani wa ng'ambo ya shamba anakuambia afya. Pale, Sista akishapanda pikipiki ya katekista kwenda kuchanja watoto kwenye maboma ya mbali, nilibaki na upepo. Punda milia walipita nyuma ya jiko wakila majani, hata kunitazama hawanitazami. Nilifagia pasipo na uchafu. Nilipanga chupa za dawa, nikazipangua, nikazipanga tena. Ilifika wakati nikawa namsalimia jogoo.

Jirani wa karibu alikuwa mama mmoja wa Kimasai aliyetuletea maziwa. "Takwenya," ananisalimia. "Iko," namjibu, na Kimasai changu kinaishia hapo. Yeye Kiswahili alikijua cha kutosha kunitania. Aliniita "sista wa mahindi" kwa sababu siku ya kwanza tu nilimuuliza mashamba yako wapi. Boma lao lilikuwa limepungua watu. Shemeji zake walikuwa wameshahamia makazi mapya nje ya hifadhi, mbali kabisa, yeye amebaki na mama mkwe asiyetaka kusikia habari ya kuhama. Siku nyingine alikaa jikoni kwetu, tunatazama moto wote wawili. Nilimsubiri kila siku kama mtoto anavyomsubiri mama yake atoke mnadani.

Asubuhi nilisoma, na kusema kweli nilikuwa nagombana zaidi ya kusoma. Mama mkwe wa Simoni anaumwa homa, Yesu anamshika mkono, homa inatoka, na mama wa watu anaanza kuwahudumia palepale. Khaa! Hata kupumzika kidogo? Wanaume wazima wamekaa wanasubiri chakula! Nilipomwambia Sista alitabasamu, akasema labda mama yule alifurahi tu kupata nguvu. Nikasema labda. Nikajitafuta kwa yule tajiri aliyeondoka na huzuni, nikajiuliza, mimi nina utajiri gani? Nikajitafuta kwa mwanamke aliyeligusa vazi la Yesu kwa siri ndani ya umati. Sikuwa yeye. Mimi umati wenyewe sikuwa nao.

Nilijikuta kila mara nimerudi sura ya kwanza, kwa Mzee Zebedayo. Nimesikia mahubiri mengi juu ya wanawe, jinsi walivyoacha yote bila kuangalia nyuma. Sijasikia padre hata mmoja aliyegeuka kumtazama mzee. Kakaa mtumbwini, wavu uko magotini, anaona migongo ya watoto wake inaishia ufukweni. Aliwaita? Alilia? Aliendelea kushona? Marko hasemi. Marko ana haraka zake, keshakimbilia Kafarnaumu. Nilimkasirikia Marko kabisa, nikafunga kitabu kwa kishindo mara nyingi. Na angalau Zebedayo alikuwa na vibarua. Baba yangu kibarua hana.

Mtandao ulipatikana juu ya kilima tu. Jumapili baada ya ibada nilipanda kumpigia.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Kwema?"

"Kwema. Ng'ombe?"

"Wapo."

"Umekula nini leo?"

"Nimekula."

Baba anaamini simu ni ya kutangazia msiba, hajui kuiongelea mengine. Nasikia kuku wetu nyuma yake, nasikia anavyopumua, najua amesimama uwanjani peke yake. "Haya, vocha itaisha," anasema. Nikishuka kile kilima nilikuwa nalia, kila Jumapili, na nilikuwa namwambia Yesu waziwazi bila kupamba: kama ni Wewe unayeita, mbona unamwita mtu ambaye baba yake hana mwingine? Jumuiya nzima imejaa wasichana wenye ndugu tele, hukuwaona?

Halafu mvua za vuli zikaanza. Asiye mkulima hatanielewa, lakini sisi Wairaqw tukisikia harufu ya udongo uliolowa hatuwezi kukaa, mikono inawasha. Nilijua, kama kila mtu anavyojua, kwamba ndani ya hifadhi hakulimwi. Wafugaji wanaishi humo na mifugo yao, lakini jembe haliruhusiwi kugusa ardhi. Nilijua kabisa. Na bado asubuhi moja Sista alipoondoka nilikwenda nyuma ya jiko na koleo la majivu, nikachimba, nikayachukua maharage ya Baba kutoka kwenye kiroba nikayapanda, mistari imenyooka kama alivyonifundisha. Moyo wangu ulitulia siku ile kuliko siku yoyote tangu nifike.

Yakaota. Maskini, yaliota vizuri! Nikawa nayatazama kabla ya kumsoma Marko, na baada ya kumsoma Marko, na mwisho nikawa namsahau Marko mwenyewe.

Siku moja askari wa hifadhi walimleta mwenzao aliyeumia mguu. Mmoja wao alizunguka nyuma ya jiko kunawa mikono, akayaona. Hakufoka, ingekuwa afadhali angefoka. Alimwita Sista, akasema kwa heshima, "Sista, hapa hakulimwi. Mkianza ninyi, hawa wengine tutawaambia nini?" Sista alikuwa hajui lolote, huko nyuma hakuwa na sababu ya kwenda. Alinitazama mimi, kisha akawaomba radhi wale vijana, mwanamke wa umri ule, ameinamisha kichwa kwa jambo ambalo hakulifanya. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tukaambiwa tuyang'oe, basi, na yaishe.

Niliyang'oa mwenyewe. Nililia kama mtu aliyefiwa, makamasi na kila kitu. Mama wa Kimasai alikuwa amefika na kibuyu chake, akasimama ananiangalia.

"Sisi tulilima viazi hapa zamani, wakati bado ruhusa," alisema. "Wakasema acha, tukaacha. Wewe hukujua?"

"Nilijua."

"Sasa mbona ulipanda?"

"Mvua ilinyesha," nikasema.

Hakunitania siku hiyo. Aliweka maziwa mlangoni, akanipigapiga begani, akaenda zake.

Sista alisubiri mpaka kesho yake tulipokuwa tunakunywa uji. Nilitarajia kufukuzwa. Aliuliza tu, "Ulimpandia nani yale maharage?"

"Jikoni, Sista. Tupate mboga."

"Kiroba bado kina maharage."

Nikasema jambo ambalo hata mwenyewe lilinishangaza. "Nilikuwa namsaidia Baba."

Nililisikia likinitoka. Baba yuko Karatu, maharage yako Ngorongoro, namsaidiaje sasa? Sista hakucheka.

"Umewahi kumuuliza kama anataka ubaki naye?"

"Kumuuliza ya nini? Alishasema. 'Baba yao.' Jumuiya nzima ilisikia."

"Alisema maneno mawili. Mengine yote umemsemea wewe." Akaweka kikombe chini. "Mimi nadhani unataka akukatalie. Akikukatalia, hutakuwa umemwambia Mungu hapana. Baba ndiye atakuwa amesema."

Nilifura! Nilisimama, nikatoka, na mlango nikaubamiza, mbele ya mtu aliyeinamisha kichwa kwa ajili yangu jana yake tu. Nilipanda kilima naongea peke yangu kama chizi. Anajua nini yeye? Amewahi kumwona Baba akijipikia ugali? Nilipofika juu nikatoa simu nimpigie, nimwambie narudi, yameisha. Sikupiga. Nilijua angesema, "Haya, mama," na nisingejua kama amefurahi au ameumia. Na nilijua na jingine, lililonikalisha chini kwenye majani: nikirudi hivyo, nitakaa shambani kwake miaka yote nikimdai. Kila nikishika jembe, namdai. Mzee wa watu hata asingejua deni lenyewe ni la nini. Sista alikuwa amesema kweli, na ukweli wake uliniuma vibaya.

Nilirudi nikamwomba radhi. Akaniambia niende nikamalizie Marko.

Nikasoma bila kugombana sana, mpaka nikafika usiku ule Yesu yuko bustanini. Wenzake wote wamelala. Yuko peke yake chini, anaita Baba, anaomba kile kikombe kiondolewe. Nikasubiri kusoma Baba yake alijibu nini. Nikageuza ukurasa, nikarudi nyuma, nikasoma tena. Hakuna jibu. Anaomba, ananyamaziwa, anaamka, anawaamsha wenzake, anakwenda. Nilikaa pale jikoni mpaka uji ukaungua. Sikujiona humo, sitajidai. Lakini kwa mara ya kwanza tangu nipande kule nilihisi kuna mtu amekaa upande wa pili wa moto, na yeye pia hakujibiwa. Niliacha kumgombeza. Nikamwambia nitakwenda kumuuliza baba yangu, na nitakubali atakachosema.

Mwaka mpya nikashuka Karatu. Nilimkuta Baba zizini amevaa sweta ya Mama, ile ya kijani, imembana mabegani, kwa sababu koti lake nilikuwa nimelivaa mimi.

Tulikunywa chai uwanjani. Nikapiga moyo konde, nikamwambia bila utangulizi: nataka kuwa sista, nimetaka muda mrefu, nimekuja kukuuliza. Alikizungusha kikombe mkononi. Mimi huku, pamoja na ahadi zangu zote, nilikuwa namwomba kimoyomoyo: kataa. Sema usiende. Sema mara moja tu, nami nitabaki na sitakudai kitu. Nilitaka mtu mmoja duniani aniambie usiende.

"Nilijua," alisema. "Tangu ile siku ya jumuiya."

"Na wewe siku ile ulisema 'baba yao'. Ulimaanisha nini, Baba?"

Alishangaa kuulizwa. "Ndilo lililonigusa, nikalisema. Nilikuwa namfikiria yule mzee. Mtumbwi wa kuvulia ni mzito. Niliwaza, nani alimsaidia kuuvuta mpaka nchi kavu?"

"Alikuwa na vibarua."

"Vibarua," alisema. "Si sawa."

"Basi nisiende." Nililisema haraka mno, hata yeye alisikia.

"Sijasema hivyo. Umeniuliza nilichowaza, nimekuambia. Ukienda nitapata shida, sitakudanganya. Shamba ni kubwa na nyumba ni kimya." Akanywa chai, akaiweka. "Lakini aliyeitwa si mimi. Mimi siwezi kukujibia. Wewe unataka nini?"

Hapo sikuwa na pa kujificha. Sista hakunivuta, Baba hakunizuia, na kule mbinguni kimya. Sijawahi kujisikia peke yangu kama pale, nimekaa na baba yangu mzazi, magoti yetu yanakaribia kugusana. Nikasema, "Nataka kwenda." Sauti ilitoka ndogo.

"Haya, mama," alisema. "Nitawaita wazee."

Kwetu binti haondoki nyumbani bila kuombewa. Sala hiyo ni ya zamani kuliko kanisa la parokia: mzee mmoja anasema mstari, wengine wanaitikia kwa pamoja, sauti nzito ya puani, mstari kwa mstari mpaka mwisho. Wakaja majirani, wazee wale wale wa jumuiya, na Shangazi akaleta pombe ya mtama aliyoipika mwenyewe. Hakunitania hata kidogo. Baba aliomba aseme yeye. Na kwa Kiiraqw Baba si yule wa mwisho wa benchi, maneno yanamtii. Aliniombea umande, wakaitikia. Akaniombea njia isiyo na miiba, wakaitikia. Aliomba mvua inikute nimefika, aliomba adui asinione, aliomba maziwa yasinikaukie, na kila mara waliitikia, na sauti zao nilizisikia kifuani mwangu.

Akafika mahali ambapo kila binti anayetoka nyumbani huombewa uzazi. Mstari huo upo, ulimi wa kila mzee unaujua, ndio wenye nguvu kuliko yote. Baba alianza, "Na tumbo lake..." Akasimama.

Wazee walisubiri kuitikia. Mmoja alikohoa. Shangazi alijifunika uso kwa khanga. Mimi nilitazama ardhi, kwa sababu nilielewa anatafuta nini. Sala ile haikuwa na mstari wa msichana kama mimi. Waliotutangulia hawakuwahi kuuhitaji.

"Asikae peke yake," Baba alisema.

Wakaitikia.

"Jioni ikifika, awe na mtu wa kumuuliza amekula nini."

Wakaitikia.

"Akiugua, awe na mtu. Akizeeka, awe na mtu. Akiita, aitikiwe."

Kila alichoniombea kilikuwa kile ambacho yeye anakikosa kuanzia kesho. Mimi nilijua, wazee walijua, na yeye alijua kuliko sisi sote. Hakupunguza sauti. Aliomba kimoja baada ya kingine, wazi, mpaka akamaliza, nao wakaitikia mpaka mwisho.

Asubuhi gari la parokia lilikuja kunichukua. Baba hakuwepo uwanjani. Chai yake ilikuwa imeshanywewa na jembe halikuwepo ukutani. Koti lake nililiacha limetundikwa mlangoni. Tuliposhika barabara inayopita kando ya shamba nilimwona, yuko katikati ya mahindi, anapalilia, mgongo wake uko upande wetu. Nikamwomba dereva asimame.

Gari linanguruma, haiwezekani alikuwa hasikii. Alifika mwisho wa mstari, akasimama, ameshika mpini kwa mikono yote miwili. Nilisubiri ageuke. Angegeuka tu, hata asiniite, ningefungua mlango. Alijua. Alisimama vilevile, mgongo kwetu, hapalilii wala haondoki.

"Unashuka?" dereva aliuliza.

Nililia kwa sauti mbele yake bila aibu yoyote. Baba hakugeuka.

"Twende," nikasema.